MAONI YETU: Kivuli cha Mbura

Kwa watu wa maziwa, mwaloni ni pale mitumbwi inapofikia na samaki wanapouzwa. Katika Biblia neno hilo ni jina la mti, ule ambao Ibrahimu alikaa penye vivuli vyake huko Mamre. Mti huo si wa asili katika nchi zilizo kusini ya Sahara. Hata hivyo wananchi wa Nchelenge, ukingoni mwa Ziwa Mweru nchini Zambia, wanao mti wao unaostahili heshima kama hiyo, nao ni mbura, ambao Wabemba huuita mupundu.

Mbura huwa na majani mwaka mzima. Gome lake nene hustahimili moto wa porini, matunda yake huliwa, na kokwa zake zina mafuta. Ndiyo maana wazee walipofyeka mashamba waliuacha umesimama. Mwaka 1873 Chuma, Susi na wenzao waliuzika moyo wa David Livingstone chini ya mti wa aina hiyo kijijini kwa Chitambo, kisha wakauchukua mwili hadi Bagamoyo.

Lakini samaki hukaushwa kwa moshi, na moshi hutaka kuni. Miti ya asili ikiisha, watu hukimbilia mikaratusi kwa kuwa hukua upesi. Hatuulaumu mkaratusi, kwani nguzo zake ni nzuri. Ila kivuli chake ni chepesi, nao hunywa maji mengi. Mvuvi anayeshona nyavu na mama anayengoja zamu zahanati wanahitaji kivuli kizito.

Ni kweli kwamba mbura hukua polepole, na kokwa yake ngumu huchelewa kuota. Mwenye haraka na apande mkuyu, ambao huchipua hata kwa tawi, ila auweke mbali na kuta. Mwenye subira na atunze machipukizi ya mbura yanayotoka mizizini, au apande mche mvua zianzapo Novemba, auzungushie miiba kuzuia mbuzi, na kufyeka nyasi kabla ya moto wa kiangazi.

Lililo rahisi kuliko yote ni kutoukata ule uliokwisha kukua. Aliyeuangusha kwa kuni za siku chache hataishi kuona mwingine wa kimo chake. Tunawasihi wakuu wa vijiji, walimu na viongozi wa wilaya waihesabu mibura iliyosalia sokoni, shuleni na mialoni, na kuilinda kama mali ya wote.