Nyota Iyumbayo

Juma hili twaitazama nyota moja hafifu ya kundi la Pegaso, jina lake 51 Pegasi. Yafanana sana na jua letu, ila i mbali mno: mwanga wake husafiri miaka 50 hivi ndipo utufikie.

Michel Mayor na mwanafunzi wake Didier Queloz, wa Geneva, waliichunguza kwa darubini ya kusini mwa Ufaransa. Sayari hawakuiona, nuru ya nyota huifunika, kama taa ya motokari usiku imfichavyo mdudu arukaye kando yake. Walichopima ni rangi za mwanga wa nyota, wakagundua kwamba yayumba: mwendo wake huzidi, kisha hupungua, kwa meta karibu 60 kila sekunde. Ni nini kiivutacho? Hesabu ikajibu: sayari kubwa, yenye uzito wa nusu ya Mshtarii hivi, iizungukayo kwa siku 4 na saa chache.

Siku nne! Mshtarii hulizunguka jua kwa miaka karibu 12. Wataalamu walizoea kudhani kwamba majitu ya namna hii hukaa mbali na jua lao. Queloz mwenyewe alikishuku kwanza chombo chake. Basi hawakutangaza upesi. Jua letu likaikaribia nyota ile angani, isionekane tena usiku, nao wakangoja miezi. Julai 1995 wakaitazama upya: yayumba vile vile kama hesabu ilivyotabiri. Oktoba wakatangaza.

Wengine walibisha miaka kadhaa. Mwaka 2019 hao wawili wakashirikishwa tuzo ya Nobel.