Binti anapoondoka kijijini, jumuiya iulize maswali

Wazazi wenzangu, mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba. Baada ya hapo huja msimu mwingine ambao haumo kwenye kalenda ya shule wala ya kanisa, msimu wa kutafuta dada wa kazi. Simu inapigwa kutoka Dar es Salaam, Mbeya au Tunduma: "Nitafutie binti wa Iringa, mpole, mchapakazi." Sifa njema ya mabinti zetu imegeuka kuwa bidhaa.

Hapa Nyololo safari ni rahisi mno. Ni njia panda. Anayetoka kwenye mashamba ya chai ya Mufindi anatokea barabara kuu, anapanda basi asubuhi, na usiku yuko kwenye mji asiomjua mtu.

Wapo wanaofika kwa watu wema, wakalipwa na kuheshimiwa. Lakini wapo walioahidiwa kulea mtoto wakajikuta wanahudumia baa na kulazimishwa kulala na wateja. Wengine wanaingiliwa na baba mwenye nyumba, na hawana simu wala nauli ya kurudi. Siku binti anaporudi na ujauzito, kijiji kinasema kaharibika. Aliyekuja kumchukua haulizwi kitu.

Mzazi, tusijifiche nyuma ya maneno "mwenyewe alikubali" au "tulikubaliana". Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Nayo sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu haimkubalii msafirishaji kujitetea kwamba mtoto aliridhia, au kwamba mzazi wake aliridhia.

Kanisa lifanye nini? Jumuiya ndogo ndogo hukutana nyumba kwa nyumba. Zinajua nani anaumwa na nani kafiwa. Basi zijue pia nani ameondoka.

Kwanza, kila jumuiya iwe na daftari. Anayekuja kumchukua binti afike kwa mwenyekiti wa kitongoji na kiongozi wa jumuiya, aonyeshe kitambulisho, aandike jina la mwajiri, mtaa na namba ya simu. Namba hiyo ipigwe palepale. Mwenye nia njema hatakasirika. Anayetaka kuondoka na binti usiku, msimruhusu.

Pili, binti apigiwe simu kila mwezi, naye azungumze akiwa peke yake. Mkiambiwa kila mara kwamba "ametoka kidogo", msisubiri mwezi wa tatu. Kama kuna usharika au parokia ya dhehebu lenu karibu na anakoishi, mwombeni mchungaji au padri wa huko amtembelee.

Tatu, akirudi ameumizwa, apokelewe. Kama ni tukio la karibuni, apelekwe hospitali upesi, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya Ukimwi zinatakiwa zianze ndani ya saa 72. Taarifa ipelekwe Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au pigeni 116, namba ya bure ya kusaidia watoto.

Halafu kuna jambo zito. Mara nyingine mkosaji ni mtu wetu: mzee wa kanisa, mwalimu wa kwaya, mjomba. Hapo ndipo vikao vya usiku huanza, na fedha au ng'ombe hutolewa ili "tusiaibishane". Kumbaka mtoto ni kosa la jinai, na adhabu yake haipungui miaka 30 jela. Kikao cha wazee hakina mamlaka ya kulisamehe. Kanisa likimficha mmoja, wasichana wote waliokaa kwenye mabenchi wanajifunza kunyamaza.

Jumapili hii, baada ya ibada, muulize kiongozi wa jumuiya yako maswali mawili. Mwaka huu wameondoka mabinti wangapi? Na nani ana namba zao za simu? Akikosa jibu, kaeni hapohapo mwanze daftari.

Tukutane wiki ijayo.