Jongo si Kurogwa

Mtu analala mzima. Usiku wa manane anaamshwa na maumivu makali katika kidole gumba cha mguu. Kunapokucha kidole kimevimba, ngozi inang'aa na ina moto. Hata shuka ikigusa pale, analia. Watu wanasema: "Amekanyaga uchawi." Mara jirani mmoja anaanza kutazamwa kwa jicho baya.

Mimi nasema ugonjwa huo una jina. Unaitwa jongo. Chanzo chake kimo katika damu ya mgonjwa mwenyewe. Hakikuzikwa mlangoni na jirani.

Mwili wetu hutengeneza taka. Mojawapo huitwa asidi ya yuriki. Figo huichuja na kuitoa kwa mkojo. Figo zikishindwa kuitoa, au ikiwa nyingi mno, hubaki katika damu. Ikizidi huganda, ikawa chembe ndogo sana zenye ncha kama sindano. Chembe hizo hukaa ndani ya viungo, hasa kidole gumba cha mguu, kifundo cha mguu na goti. Ndizo zinazochoma.

Wengine husema jongo ni ugonjwa wa matajiri. Usemi huo nao unatudanganya. Ni kweli kwamba nyama nyingi, maini na dagaa huongeza taka hiyo. Pombe huiongeza pia, hasa bia, na vilevile soda zenye sukari. Lakini wako watu waliorithi figo zisizoitoa vizuri, na maskini hurithi kama tajiri. Unene na ugonjwa wa figo huchangia. Wanaume hupata zaidi. Wanawake hupata hasa baada ya kukoma hedhi.

Wako pia wanaomkataza mgonjwa maharage. Siungi mkono. Maharage hayaleti jongo kama nyama. Tena ukimnyima mwanakijiji maharage, atakula ugali na nini?

Jambo linalonisumbua zaidi ni hili. Hata mtu asipotibiwa, maumivu ya jongo kwa kawaida hupungua yenyewe baada ya wiki moja au mbili. Sasa, siku ya 5 mgonjwa anachanjwa chale. Siku ya 10 anatembea. Mganga anasifiwa na kupewa mbuzi. Jirani anahesabiwa kuwa mchawi kweli, na undugu unavunjika. Kumbe chembe zimebaki palepale. Baada ya miezi kadhaa, au mwaka, maumivu yanarudi. Yakirudi mara nyingi, vinundu hutokea vidoleni na masikioni, viungo huharibika, na figo huweza kupata mawe.

Mgonjwa aende zahanati mapema. Akiwa na homa pia, asingoje hata siku moja, maana huenda kiungo kina usaha. Asijinunulie vidonge vya maumivu dukani bila kuuliza, kwa sababu baadhi huumiza figo.

Kwa wanaoshikwa mara kwa mara iko dawa ya kupunguza asidi hiyo, iitwayo alopurino. Hutolewa na daktari. Humezwa kila siku, hata siku ambazo mguu hauumi. Hapo ndipo wengi hushindwa. Husema: "Nimeshapona, vidonge vya nini?" Vidonge hivyo si vya kutuliza maumivu. Kazi yake ni kuziyeyusha chembe polepole, na kazi hiyo huchukua miezi mingi.