Jiji halilali, mbona kazi ya usingizi hatuambiwi?

Muulize kijana yeyote pale Githurai, Kayole au Kawangware akutajie kazi za hospitali. Atataja daktari, nesi, mfamasia, mtu wa maabara na labda mtu wa eksirei. Ukimwambia kuna watu wanaolipwa kukesha wakimtazama mgonjwa akilala, atacheka. Atakuuliza hiyo kazi inaombewa wapi, maana kulala yeye anajua sana.

Cheka tu, lakini kazi hiyo ipo. Na kama kuna jiji linaloihitaji, ni hili letu.

Msimamo wangu ni huu: Kenya inafaa kuwafungulia vijana nafasi za uanagenzi katika tiba na utafiti wa usingizi, wakiwemo wasio na shahada, na nafasi hizo ziwe na malipo. Zikiwa za bure zitachukuliwa na watoto wa wenye nazo. Sisi tunaokesha tutabaki kuwa wagonjwa wa kuchunguzwa tu.

Hebu angalia ni nani yuko macho Nairobi usiku. Soja aliyeingia jioni na atakayetoka asubuhi. Mama wa Marikiti anayengoja lori la viazi kabla ya alfajiri. Dereva wa matatu anayepiga raundi ya mwisho usiku wa manane kisha anaamka saa kumi kupakia tena. Mtu wa boda anayengoja wateja nje ya klabu. Halafu kuna sisi wa kazi za mtandaoni. Ofisi za New York zikifungwa saa kumi na moja jioni ya kwao, huku ni saa sita au saa saba usiku. Ukiwa na mteja wa California, jua utashikwa na adhana ya alfajiri ukiwa bado kwenye laptopu.

Mwili haujali kama ni dola unatafuta. Una saa yake ya ndani, nayo hurekebishwa hasa na mwanga. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipata Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kuonyesha jinsi saa hiyo inavyoendeshwa ndani ya seli. Na walianza kwa kuchunguza inzi wadogo wa matunda. Ndiyo maana ukilala mchana baada ya kukesha, unaweza kumaliza saa sita kitandani na bado uamke umechoka. Si uvivu. Umelala wakati saa ya mwili inakuambia amka.

Sasa, mtu wa maabara ya usingizi hufanya nini? Mgonjwa huja jioni. Anabandikwa vidude vidogo kichwani kusoma mawimbi ya ubongo, kando ya macho kusoma yanavyocheza, kwenye kidevu na miguu kusoma misuli, na kifuani kusoma moyo. Kuna cha kupima hewa puani na cha kidoleni kupima oksijeni. Kisha taa inazimwa, na mtaalamu anakaa chumba cha pili akifuatilia kwenye skrini. Kifaa kikitoka, anaingia taratibu kukirudisha.

Asubuhi kazi haijaisha. Rekodi yote hukatwa vipande vya sekunde 30, na kila kipande hupewa jina: yuko macho, usingizi mwepesi, usingizi mzito, au usingizi wa ndoto. Usiku wa saa nane una vipande 960. Mtaalamu huhesabu pia mara ambazo pumzi ilikatika kwa sekunde 10 au zaidi. Ikikatika au kupungua mara 5 kwa saa, hapo tatizo linaanza. Ikifika mara 30 kwa saa, hali ni mbaya sana. Daktari ndiye anayetoa uamuzi wa mwisho, lakini anategemea usiku mzima wa mtu mwingine aliyekuwa makini.

Ugonjwa huo wa pumzi kukatika usingizini unaitwa apnea, na dalili yake kubwa ni kukoroma. Huku kwetu mtu akikoroma tunasema amelala fofofo, amechoka, mwache. Kumbe wengine koo linajifunga, ubongo unakosa hewa na kumzindua mara nyingi bila yeye kujua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kwenye jarida la Lancet Respiratory Medicine ulikadiria kuwa karibu watu bilioni moja wa umri wa miaka 30 hadi 69 duniani wana tatizo hili. Tiba inayojulikana zaidi ni mashine ya kusukuma hewa puani usiku kucha, iliyobuniwa na daktari Colin Sullivan wa Australia, ambaye aliitangaza mwaka 1981. Si uchawi.

Tukitaja uchawi, kuna jinamizi. Unazinduka usiku, unaona chumba, lakini huwezi kusonga wala kupiga kelele, na unahisi kitu kimekukalia kifuani. Wengi wamekimbizwa kwa maombi au kwa mganga. Ukweli ni kwamba wakati wa usingizi wa ndoto ubongo hufunga misuli ili usirushe mateke ukiota. Mara nyingine akili huamka kabla ya kufuli hiyo kufunguka. Hutokea zaidi kwa watu wasiolala vya kutosha au wanaobadilisha saa za kulala kila mara. Nani ameenda kuwaeleza hivyo masoja wa Eastlands? Hakuna, kwa sababu hatujafunza watu wa kwenda.

Na jambo hili si la starehe, ni la uhai. Mwisho wa mwaka 2017, baada ya ajali ya Migaa karibu na Salgaa iliyoua watu 36, NTSA ilisimamisha safari za usiku za mabasi ya masafa marefu. Kanuni za magari ya abiria za mwaka 2014 nazo zinasema dereva asiendeshe zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Sawa, sheria ipo. Lakini sheria inahesabu saa za usukani, haihesabu saa za kitandani. Dereva mwenye apnea anaweza kulala saa nane na bado asinzie kwenye mteremko. Hakuna kizuizi cha polisi kinachoweza kumgundua huyo. Anagunduliwa na mtu aliyefunzwa kumuuliza maswali sahihi na kumtuma apimwe.

Najua kuna mtu anasema, hiyo ni sayansi ya watu wenye madigrii, wewe uliyeacha chuo unatuambia nini? Basi ngoja nikupe stori ya Eugene Aserinsky. Jamaa huyu alipita vyuo kadhaa Marekani bila kupata shahada hata moja, akaenda jeshini, kisha akakubaliwa Chuo Kikuu cha Chicago kwenye maabara ya Nathaniel Kleitman. Alikuwa na mke, mtoto na mfuko mtupu. Alipata mashine kuukuu ya kusoma mawimbi ya ubongo, akaitengeneza, akambandika mwanawe Armond wa miaka minane na kukaa naye usiku. Kalamu za mashine zikaanza kuruka mtoto akiwa amelala kabisa. Kumbe macho yalikuwa yakicheza chini ya kope. Mwaka 1953 yeye na Kleitman walichapisha matokeo kwenye jarida la Science, na dunia ikajua kuna usingizi wa ndoto.

Sisemi watu waache chuo. Ninachosema ni kwamba mlango wa maabara ulifunguliwa kwa mtu asiye na karatasi, na taaluma nzima ikafaidika.

Hadi leo kazi hii haijafungwa kwa shahada kila mahali. Marekani kuna cheti cha wataalamu wa maabara ya usingizi kinachoitwa RPSGT. Kuna njia ya kukifikia kwa mtu aliyemaliza sekondari, akapata mafunzo, akatimiza saa za kutosha za kazi na kupita mtihani. Hiyo ni ngazi ambayo kijana wa mtaa anaweza kuipanda, kama ataruhusiwa kukanyaga kidato cha kwanza.

Na hapo kwa kidato cha kwanza ndipo tunapokwama. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipotushinda nyumbani. Tangu wakati huo ninaandika na kunakili sauti za wateja wa ng'ambo, usiku mwingi. Nilipoanza kupenda mambo ya usingizi, niliomba kliniki moja ya kibinafsi niwe nikisaidia hata kwa kuingiza data. Nilipokewa vizuri. Halafu nikaambiwa nilete barua ya chuo, bima yangu mwenyewe, na nijue hakuna malipo, nauli wala chakula kwa miezi mitatu. Nilipiga hesabu. Nauli ya kwenda na kurudi kila siku, chakula cha mchana, na kazi ya usiku ambayo ningelazimika kuiacha ili nisisinzie kliniki. Kodi ya nyumba hailipwi kwa barua ya pongezi.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Wanagenzi wa nchi hii wanajua maana yake vizuri. Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, na kiini kimoja kikubwa kilikuwa madaktari wanagenzi. Mkataba wa 2017 ulisema wapate Sh206,400 kwa mwezi, serikali ikasema ina Sh70,000. Kama daktari aliyesoma miaka sita anavutana na serikali namna hiyo, mtu wa diploma au wa cheti atasemaje?

Wapo watakaosema hospitali hazina hata glavu, sasa mnataka vyumba vya kulala? Hoja hiyo ina uzito, na sitaki kuipuuza. Mtoto mwenye malaria hawezi kungoja ili mimi nijifunze kusoma mawimbi ya ubongo. Lakini kuanza hakuhitaji jengo jipya. KMTC tayari inafunza maafisa wa kliniki wa masikio, pua na koo. Ongeza somo la usingizi hapo. Kuna vifaa vidogo vya kupima pumzi na oksijeni ambavyo mgonjwa huenda navyo nyumbani, akalala kwake na kuvirudisha asubuhi. Kuna pia hojaji fupi ya maswali manane, ya daktari Murray Johns wa Australia, inayopima mtu husinzia kiasi gani mchana. Mwanagenzi aliyefunzwa anaweza kuuliza maswali ya aina hiyo kwenye steji ya boda, kwa Kiswahili safi au kwa sheng, na akaeleweka kuliko profesa.

Pesa je? Saco za matatu, kampuni za mabasi, kampuni za ulinzi na wenye ofisi za kazi za mtandaoni wote wanakula usiku wetu. Wachangie. Mwanagenzi mmoja anayelipwa nauli, chakula na kitu kidogo cha kodi ni gharama ndogo kuliko basi moja lililolala mtaroni. Na wanaotoa nafasi waache kudai barua ya chuo peke yake. Wampe mtu mtihani. Wampe usiku mmoja waone kama anaweza kukaa makini hadi asubuhi. Kwa hilo, watu wa mtaa tuna ujuzi wa miaka.

Wewe unayesoma hii saa hizi za usiku, usingoje tangazo. Kwenye tovuti ya PhysioNet kuna mkusanyo wa bure unaoitwa Sleep-EDF wenye rekodi 197 za usiku mzima, zikiwa zimeshagawanywa kwa hatua za usingizi. Kama unajua Python kidogo, pakua moja, jaribu kuweka alama mwenyewe, kisha linganisha na za wataalamu. Ukifanya hivyo kwa miezi michache, siku nafasi ikitokea hutaingia ukisema unapenda sayansi. Utaingia na kazi mkononi.

Lakini juhudi zetu zisiwe kisingizio cha wao kutofungua mlango. Maafisa wa afya wa kaunti, vyuo na kliniki za kibinafsi, tangazeni nafasi hizi hadharani, semeni malipo ni ngapi, na ondoeni masharti ambayo hayapimi uwezo. Asiyekuwepo na lake halipo. Utafiti wa usingizi wa nchi hii ukiandikwa bila watu wanaokesha, utasema tulale mapema, kisha ufungwe kabatini. Tukiwepo, tutauliza swali lingine: nani anatulipa kukesha, na anatulipa kiasi gani?