Jiolojia kwa Lugha ya Nani?

Vijana wenzangu, mimi niliishia kidato cha nne. Chuo kikuu nakijua kwa nje tu. Lakini rafiki yangu anasomea shahada ya jiolojia, na likizo iliyopita nilimwomba anieleze masomo yake, maana riwaya ninayoiandika ina mchimbaji. Akaanza kwa Kiswahili, akakwama. "Aa, hii huwezi kuielewa," akasema. Hasira zikanipanda. Nisielewe mimi, au yeye ndiye hakufundishwa kusema?

Maana nilipombana, mambo yenyewe wala si ya ajabu. Miamba hujipanga kwa matabaka. La chini kwa kawaida ndilo kongwe. Mwamba wenye nyufa hupitisha maji. Mwanafunzi hupelekwa porini na nyundo, dira na daftari, akapime matabaka yameinama kiasi gani. Haya hata bibi yangu angeyaelewa.

Sasa tazameni Mererani, kwenye tanzanaiti. Mwaka 1998 maji ya mvua yaliingia mashimoni, makumi ya wachimbaji wakafa. Mwaka 2008, yale yale. Sisemi waliuawa na Kiingereza. Mvua haina lugha. Nasema hivi: anayejua maji hupita wapi, na anayeshuka kwa kamba, lazima waelewane.

Wasomi, msitutolee kisingizio cha istilahi. Volkano tumeipokea, almasi tunayo, na neno mwamba lilikuwepo kabla yenu. Shahada isiyosemeka shimoni ni karatasi tu. Nasi waandishi tusibaki kulalamika: twendeni tukawabane, tuandike.