Mshahara Umesamehewa, Duka Halikusamehewa

Nje ya lango la kambi, iwe ya jeshi au ya polisi, haikosi kuwapo safu ya maduka madogo: hapa sabuni na sukari, pale kinyozi, kando yake fundi cherehani. Baadhi ya maduka hayo katika Uganda ni mali ya askari wenyewe au ya jamaa zao, na mtaji wake umetokana na mshahara uliobanwa mwezi hata mwezi, au na mkopo wa vyama vya akiba kama Wazalendo cha wanajeshi na Exodus cha polisi. Jambo hilo twalisifu. Askari anayefikiri juu ya siku atakayovua gwanda ni askari mwenye busara.

Lakini imo dhana moja ambayo hatuna budi kuiondoa, nayo ni kwamba kwa kuwa askari hakatwi kodi, basi na duka lake halidaiwi. Dhana hiyo si kweli. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 1997, pamoja na marekebisho yake, imeusamehe mshahara ambao askari wa jeshi, wa polisi na wa magereza anaupata kwa utumishi wake. Msamaha huo ni shukrani ya taifa kwa mtu aliyeweka maisha yake rehani. Haukupewa faida ya sukari wala ya nywele zinazonyolewa. Anapoketi nyuma ya meza ya duka, askari ni mfanyabiashara kama jirani yake, na deni lao ni la namna moja.

Deni lenyewe ni lipi? Kwa wafanyabiashara wadogo imewekwa kodi nyepesi ya makadirio, inayohesabiwa kwa mauzo ya mwaka. Kwa mujibu wa viwango vilivyoanza tarehe 1 Julai 2020, mauzo yasiyozidi shilingi milioni 10 hayatozwi kitu. Asiye na hesabu zilizoandikwa hulipa shilingi 80,000 kwa mwaka ikiwa mauzo yake ni kati ya milioni 10 na 30. Hulipa 200,000 hadi milioni 50, na 400,000 hadi milioni 80, na 900,000 hadi milioni 150. Anayevuka hapo huingia katika kodi ya kawaida. Kazi za kitaalamu, kama vile uganga, uhandisi na uwakili, hazimo katika mpango huu.

Na mwenye daftari je? Hapo ndipo tungependa wasomaji wetu watege masikio. Tuchukue mfano wa duka linalouza shilingi milioni 5 kwa mwezi, yaani milioni 60 kwa mwaka. Bila daftari, mwenyewe atalipa 400,000. Akiwa na daftari, atalipa 180,000, pamoja na sehemu 6 katika kila 1,000 ya zile milioni 10 zilizozidi 50, yaani 60,000. Jumla ni 240,000. Daftari la shule na kalamu moja vimemwokolea shilingi 160,000. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Askari, aliyezoea kuandika kila risasi inayotoka ghalani na kila saa ya zamu yake, hana udhuru wa kushindwa na daftari la sabuni.

Hatusemi kwamba mpango huu hauna dosari. Kodi inayotazama mauzo haiulizi kama mwenye duka amepata faida au hasara, na muuzaji wa sukari, ambaye faida yake ni ndogo mno, huumia kuliko kinyozi. Kwa ajili hiyo sheria imemruhusu mtu kuomba kwa maandishi ahesabiwe kwa faida yake halisi, iwapo anazo hesabu kamili. Tena, biashara za raia zilizoanzishwa baada ya tarehe 1 Julai 2025, zenye mtaji usiozidi shilingi milioni 500, zimepewa msamaha wa miaka 3 kwa masharti yake. Milango hiyo ni halali, na aipite anayestahili. Kuligawa duka moja kwa majina matatu ya ndugu ili kila fungu lionekane dogo, huo si mlango. Ni dirisha la mwizi.

Nchi hii imezijua kodi za namna nyingine. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliitoza kila nyumba rupia 3 kwa mwaka, na kila mwenye bunduki rupia 3 vilevile. Baadaye ikaja kodi ya kichwa, iliyodumu hadi ilipofutwa mwaka 2005. Wazee wanakumbuka wanaume waliolala porini wakiwakimbia wakusanyaji alfajiri. Kodi ya namna ile ilikwenda na kamba na fimbo. Hii ya leo kiwango chake kimeandikwa, na kila mtu aweza kukihesabu nyumbani kwake kabla hajadaiwa. Kwa hiyo haihitaji bunduki.

Hapo lipo pia fundisho kwa askari aliye kazini. Kodi ya serikali hulipwa benki au kwa simu, kwa namba ya malipo iliyotolewa na Mamlaka ya Mapato. Haitiwi mkononi mwa mtu. Askari akiombwa kumsindikiza mtu anayefunga vibanda na kupokea fedha taslimu sokoni, na ajiulize anamlinda nani. Na mwenye duka anapoingiliwa na wakaguzi halali, asitoke amevaa sare ili wageuke nyuma. Sare ile haikushonwa kwa kazi hiyo.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mjane anayeuza mkabala na kambi, anayelipa 80,000 yake kila mwaka, anaona wazi iwapo duka la pili halilipi na kwa hiyo linauza kwa bei ya chini. Hatanena, kwa kuwa anaiogopa bunduki. Lakini siku askari atakapomhitaji ampashe habari za mhalifu, ukimya ule ule utamjibu.

Twawasihi basi ndugu zetu wenye biashara wajiandikishe na kupata namba ya mlipa kodi, ambayo hutolewa bure, wafungue daftari, na kwa mwaka wa hesabu unaokwisha tarehe 30 Juni, wapeleke taarifa kabla ya Desemba kwisha. Aliyekula kiapo cha kuilinda sheria ya nchi na aanze kuilinda dukani kwake.