Kuzunguka si Kukata

Hivi karibuni, kwenye semina ya madaktari wa meno, mwenye kliniki mmoja alisimama wakati wa maswali akatueleza kwa fahari kwamba ncha zake za keekee huzitupa zikivunjika tu. "Mradi inazunguka, inafanya kazi," alisema. Nusu ya ukumbi ikacheka kwa kuafikiana naye. Mimi nilibaki nawahurumia wagonjwa wake, kisha nikawahurumia na wagonjwa wa waliocheka.

Mradi inazunguka! Keekee ya upepo huzunguka mara laki tatu hadi nne kwa dakika. Kwa kasi hiyo hata msumari wa kupigilia bati utazunguka vizuri. Kinachokata jino ni chembe za almasi zilizogandishwa kwa nikeli juu ya kijiti cha chuma, au makali ya tangsteni kabaidi yaliyochongwa kichwani mwa ncha. Chembe zikipukutika, au zikizibwa na unga wa jino, au makali yakimong'onyoka, ncha haisimami. Itazunguka vilevile, maji yataruka vilevile, mgonjwa atakodoa macho vilevile. Ila sasa haikati, inasugua.

Na kinachosugua hutoa joto. Mwaka 1965 watafiti Zach na Cohen walipasha joto meno ya kima aina ya rhesus, wakaona kwamba joto la ndani ya jino likipanda kwa nyuzi 5.5 tu za Selsiasi, asilimia 15 ya viini vya meno havikupona. Nyuzi tano na nusu! Mwaka 1983 Eriksson na Albrektsson wakaonyesha kwa mifupa ya sungura kwamba nyuzi 47 kwa dakika moja zinatosha kuudhuru mfupa. Mfikirie basi yule anayepasua mfupa kutafuta gego la mwisho lililojificha, huku ameshika ncha butu.

Najua, mtaniambia kuna maji ya kupooza. Yapo. Lakini mwenye ncha butu hukandamiza, na akikandamiza, maji hayafiki vizuri pale ncha na jino vinapogusana, ndipo hasa yalipotakiwa. Jino likianza kumuamsha mgonjwa usiku wiki mbili baadaye, ataambiwa nini? "Lilikuwa limeoza sana, mama. Tung'oe tu." Sijawahi kusikia daktari akimwambia mgonjwa kwamba ncha ilikuwa imechoka. Jino ndilo hubebeshwa lawama zote, kisha linatupwa.

Mzee mmoja wa taaluma aliyekaa karibu nami alinong'ona kwamba zamani watu walitoboa meno kwa mashine za kukanyaga kwa mguu na wagonjwa wakapona. Kweli kabisa. Mmarekani James Morrison alisajili mashine ya namna hiyo mwaka 1871. Basi mzee na airudie, kwa roho safi, aanze na meno yake mwenyewe, nami niko tayari kukanyaga pedali.

Wengine hujitetea kwa uzoefu: mkono wa mtu mzima, wanasema, hufidia ubutu. Huo mkono ndio ninaouogopa kuliko yote. Ncha haifi siku moja. Hufifia kidogo kidogo, na mkono nao huongeza nguvu kidogo kidogo, mpaka daktari anaegemea jino kwa bega zima na bado anaapa kwamba hajabadilisha kitu. Dawa ni rahisi mno: ukiwa na shaka, chomeka ncha mpya ya aina ileile uguse jino lilelile. Mkono utashtuka wenyewe. Na sikio lipo pia. Keekee ya upepo ikilemewa, sauti yake hushuka. Ukiisikia inashuka kila ukigusa jino, usitafute fundi wa kompresa kwanza. Tazama ncha kwa kioo cha kukuzia. Ukiona pameng'aa mahali palipotakiwa kukwaruza, itupe.

Kalenda nayo haisaidii. Kuna kliniki zinazobadilisha ncha kila mwisho wa mwezi kana kwamba ni bili ya maji. Ncha iliyotumika kukata taji la zirkonia huenda ikaisha siku hiyohiyo, na aliyesubiri tarehe 30 atakuwa amewasugua watu wiki nne.

Halafu kuna hoja ya otoklevu: "Tunazichemsha kwa nyuzi 134, zinatoka kama mpya." Zinatoka safi! Mvuke huua vijidudu, haurudishi almasi. Mchinjaji wa Kiislamu ameagizwa anoe kisu ili mnyama asiteseke. Mbuzi ana haki hiyo, ila mwalimu mstaafu aliyelipia ganzi na kuziba hana.

Mnasema ni gharama. Ncha ya kawaida ya almasi haifiki bei ya sahani ya chipsi kuku. Waliolalamika pale ukumbini nimeona kliniki zao: televisheni ya ukubwa wa mlango, makochi ya ngozi, bango la barabarani la binti wa Kizungu mwenye meno meupe kama sinki. Fedha ya bango imepatikana. Kwenye hospitali za umma nako kuna balaa lake. Niliwahi kuagiza ncha za shina la milimita 1.6, za keekee ya kasi. Baada ya fomu kuzunguka meza zote nikaletewa za milimita 2.35, ambazo haziingii hata ukizipigia dua. Mtu wa stoo akaniuliza, "Kwani hizi si ncha, daktari?" Nilitoka pale nimeshika ukuta.

Kwa hiyo nimeacha kuwabembeleza wenye kliniki. Naongea na wasaidizi, ambao humwona daktari ubavuni kila siku. Dada, kaka, ukiona bega la bosi limeanza kuingia kazini, fungua pakiti mpya uiweke kwenye sinia bila kuombwa. Akiuliza nani kaidhinisha, mtajie jina langu.